Pikapu Iliyolishwa Ndizi

Kama Lukumani angedanganya, Bundala Mahona angelala usingizi. Mwongo ana pa kumkamatia. Lakini Lukumani alisema kweli tupu, mchana kweupe, mbele ya watu, na Bundala akacheka mpaka akashika mbavu. Hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki mwaka ule wa sabini.

Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka stesheni ya Igalula. Kaya arobaini zilihamia pale, zikalima tumbaku ya pamoja, na kila mwenye maksai wa kuvuta plau akamleta kundini. Wakapatikana sita. Wawili walikuwa wa Minza, mjane asiye na maneno mengi, na mmoja wao aliitwa Ngosha, mweusi, mwenye nundu kubwa. Ngosha hakuhitaji fimbo. Minza akimwita tu, alisimama palepale kwenye tuta.

Bundala alikuwa katibu wa kijiji. Shule hakuiona, kusoma alijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari dukani, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Ndiye aliyesimama mkutanoni akataka ng'ombe sita wabadilishwe kwa gari. Mkwe wa Minza alikuwa amefia juu ya mkokoteni, akiwa na uchungu wa uzazi, nusu ya njia kwenda hospitali Tabora. Bundala aliuliza kama bendera ilibadilishwa ili watu waendelee kufia mkokotenini. Gari litabeba wagonjwa, alisema, litabeba tumbaku, na nauli yake itakodi trekta kabla ya mvua.

Watu waliafiki. Minza alikuwa wa mwisho kusema.

"Ng'ombe wangu nakukabidhi wewe, si kijiji," alimwambia. "Ukirudi na kitu kisicholima wala kisichobeba, nitakuuliza wewe."

Sasa huyo Lukumani. Alikuwa Mzaramo wa Tabora. Babu yake alipanda kutoka pwani na misafara ya pembe za ndovu, akaoa mjini, akafia humo. Mjukuu akawa na ua karibu na stesheni ya Tabora, umejaa magari yaliyoachwa na waliokwenda zao: mabwana shamba wa Kiingereza, mapadri waliohamishwa, wenye maduka waliofunga milango. Aliyapata kwa bei ya kutupa, akayaosha, akayauza. Asiye na fedha alileta ng'ombe, na ng'ombe walipakiwa kwenye behewa kwenda kuchinjwa Dar es Salaam. Tulifukuza wakoloni, hatukufukuza dalali.

Na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Utani wao ulizaliwa kwenye njia ileile ya misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipopita Uzaramo, wakaugua huko, wakazikwa huko. Mtani wako atakutukana, atakuvua kofia kichwani, nawe utacheka. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe.

Bundala alikwenda uani na Silasi, mtu wa kijijini aliyewahi kuendesha trekta kwenye mashamba ya mkonge, wakiwaswaga ng'ombe sita. Wakaonyeshwa pikapu ya kijani. Silasi akaiwasha, ikanguruma taratibu kama paka mwenye shibe. Akaingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zikaingia laini mno, na Silasi akakunja uso. Kwa gari la umri ule, alinong'ona, ulaini ule si wa kawaida. Akaomba wamwite fundi Mabruki alitazame chini kabla ya kupeana mkono.

Lukumani alisikia. Akaweka mikono kiunoni.

"Mnyamwezi na gari wapi na wapi?" alisema, kwa sauti ya ua mzima. "Hii nimeilisha ndizi jana, ndiyo maana imenyamaza. Ndizi zikiisha tumboni itakufa njiani, nawe utaivuta kwa shingo, kama babu yako alivyobeba pembe."

Ua ukaangua kicheko. Mwamvita, muuza vitumbua wa langoni, alicheka mpaka kitumbua kikaungulia mafutani. Bundala naye alicheka, akajibu kuwa heri kubeba gari kuliko Mzaramo anayebeba ngoma msimu wa kulima. Lukumani akapiga makofi.

"Basi nakuoza," akasema. "Huyu ni binti yangu, na ng'ombe sita ndiyo mahari. Umemwona mwenyewe, usije kusema hukumwona."

Silasi akamvuta tena mkono wa shati. Lakini ilikuwa imekwisha. Kumwita fundi baada ya maneno yale kungekuwa kukiri mbele ya watu kwamba utani umemchoma, na mtani aliyechomeka ameshindwa. Bundala akamkabidhi Lukumani kamba za ng'ombe. Ngosha aligeuza kichwa, akitafuta sauti anayoijua.

Pikapu ilikufa kabla ya nusu ya njia. Kwanza ulikuja mlio kama mtu anasaga kokoto, kisha gia zikakataa zote, kisha kimya. Silasi alikwenda mjini kwa miguu, akarudi na fundi Mabruki juu ya baiskeli. Fundi akalala chini ya gari, akafungua giaboksi, mafuta yakamwagika na uji mzito wa njano. Akauchukua kwa kidole, akaunusa.

"Ndizi," alisema. "Ndizi mbivu na unga wa mbao. Meno ya gia yamelika yote, hii inayanyamazisha siku moja, siku mbili. Lukumani hakukwambia?"

Bundala alikaa chini vumbini.

Vijana na wanawake wa kijiji walikuja na kamba, wakaivuta pikapu kuirudisha Tabora, kwa kuwa ng'ombe wa kuivuta ndio walioinunua. Siku mbili walivuta. Walipita kwenye njia waliyopita babu zao na pembe mabegani, na kamba ziliwakata mahali palepale. Njia ile haijawahi kumtajirisha abebaye.

Shauri likapelekwa kwenye baraza la mtaa, mbele ya Mzee Selemani, mtu wa sala tano na sauti ya polepole. Bundala alizungumza kwa muda mrefu, akataja unyonyaji, akataja mkwe wa Minza. Lukumani alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Hakukana neno. Aliomba tu Mwamvita aitwe.

Mwamvita alisimama akipindapinda ncha ya kanga.

"Alisema, mzee," alikiri. "Alisema kaipa ndizi, alisema itafia njiani. Sote tulicheka. Na yeye alicheka."

Mzee Selemani akafikiri, kisha akatoa uamuzi. Muuzaji ametaja kasoro ya bidhaa yake. Mnunuzi amesikia, na mashahidi wapo. Maneno ya utani nayo ni maneno. Yametoka kinywani na yameingia sikioni. Shauri limekwisha.

Bundala akauliza kama mwizi anayecheka wakati anaiba si mwizi. Akaambiwa ashushe sauti. Nje, Lukumani alimgusa bega, akamwambia, "Mtani, usininunie."

Usiku ule hasira zilimzunguka Bundala kama nzi kwenye kidonda. Alimlaani Lukumani, akamlaani Mzee Selemani, mwisho akajilaani yeye na kicheko chake. Lakini kulipokaribia kupambazuka alikuwa anarudia sentensi moja tu. Maneno ya utani nayo ni maneno.

Asubuhi Lukumani alikuta pikapu ya kijani imelazwa langoni kwake, imeliziba upande hadi upande, imefunikwa shuka jeupe la marekani toka mbele hadi nyuma, kama sanda. Wanawake wa kijiji walikuwa wameizunguka, mikono kichwani, wakilia. Minza alikaa mbele yao. Bundala alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama mfiwa.

"Baba mkwe," alisema, kwa sauti ya mtaa mzima, "binti yako ametutoka. Hakufika hata nyumbani kwa mumewe. Tumekuletea maiti, na tumekuja kwa habari ya mahari."

Lukumani alicheka. Afanye nini? Siku ya kwanza alicheka kabisa, akawapikia ubwabwa wa matanga. Wapakuzi wa mizigo wa stesheni, Wanyamwezi watupu, waliacha kazi saa ya mchana wakaja kuhani na kula. Hakuna gari lililotoka wala mnunuzi aliyeingia. Mwamvita alifunika karai lake akaja kulia kuliko wote, labda kwa kulipia ushahidi wake. Siku ya pili Lukumani alicheka kwa meno tu. Ya tatu akamwita Mzee Selemani awaondoe.

Mzee alifika langoni. Bundala akamwuliza kwa adabu zote kama maneno ya utani bado ni maneno, maana mwenye ua alitamka mbele ya Mwamvita huyuhuyu kwamba anaoza binti na ng'ombe ni mahari. Mzee alikohoa. Kauli yake mwenyewe hakuweza kuimeza. Mila ya mke aliyekufa bila mtoto inajulikana, akasema: mahari hurudi nusu.

Nusu ya sita ni tatu. Watu walipiga vigelegele wakaenda zizini nyuma ya stesheni kuwachukua. Walitoka ng'ombe watatu waliokonda, mbavu nje. Ngosha hakuwamo, wala mwenzake. Walikwisha pakiwa behewani juma lililotangulia.

Bundala alikuwa na hotuba nzima kinywani, juu ya madalali na juu ya nchi hii. Minza akamtazama, na hotuba ikamwishia.

"Ngosha yuko wapi?"

"Alipakiwa, mama."

"Nilikukabidhi wewe."

"Ndiyo, mama."

Minza aliwatazama wale watatu: jozi moja, na mmoja asiye na mwenzake. Akasema jozi ilime shamba la pamoja, hilo lilikuwa patano la wote. Shamba lake yeye atalilima Bundala kwa jembe la mkono, mpaka mwisho wa matuta.

Kabla ya mvua Silasi alikwenda mjini kununua chumvi. Alirudi na habari kwamba ameiona pikapu uani kwa Lukumani, imepakwa rangi ya bluu, inanguruma taratibu kama paka, na watu wawili kutoka Ziba wanaizunguka wakicheka.

Novemba mvua ilianguka. Bundala alishika jembe alfajiri, mgongo umepinda, akitukana kimoyomoyo kila alipolitupa. Alikuwa katikati ya tuta la nne aliposikia sauti ya Minza nyuma yake, mlangoni pa nyumba, ikiita jina moja tu.

"Ngosha."

Bundala akasimama.