Sifumui Foronya Yangu

Kuna neno nimelisikia kwa mama mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Fumua. Mshono umepinda, fumua. Umeacha uzi unaning'inia kama ndevu za mbuzi, fumua. Hata sketi yangu ya shule nikiikunja pindo, mama anaipokea, anaigeuza ndani nje, anapitisha kidole, halafu ananipa wembe bila kuniangalia usoni. Yeye ni fundi cherehani, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mi si mtu wa maneno. Darasani nikiulizwa swali najibu huku nimeangalia viatu. Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nafumua tu, kimya.

Sasa, mama ana kawaida yake. Mteja akileta kitambaa, kabla mkasi haujagusa, anamuuliza: "Mabaki unachukua?" Akisema ndiyo, anafungiwa anapewa. Akisema hapana, vipande vinaingia kwenye kiroba chini ya meza ya kukatia, na kuanzia hapo ni vya fundi. Hicho kiroba mama alinipa mimi, nichezee.

Sikuchezea. Nilishona foronya ya mto wa kochi. Nilianza na kipande kimoja cha katikati, kidogo kama kiberiti, cha zambarau chenye nyuzi za dhahabu, maana ndicho kilikuwa kizuri kuliko vyote na hakikutosha kitu kingine. Nikakizungushia ukanda wa kaki, halafu wa maua, halafu wa mistari ya shati la mtu nisiyemjua, nazunguka hivyohivyo, kila ukanda unashonewa juu ya ncha za ule wa ndani yake. Nikaweka blanketi kuukuu chini yake na kipande cha shuka nyuma, nikapiga mishono kupitia tabaka zote tatu mpaka ikatuna.

Mama akaipokea. Akaigeuza ndani nje. Akapitisha kidole, akarudia. Mi nikanyoosha mkono nipokee wembe.

Hakunipa wembe. Alichukua pini mbili, akaitundika ukutani, pale ambapo kila anayeingia lazima aione.

"Leo jua limetokea wapi?" akasema Dada Vifungo. Huyu ni yule dada anayemshonea mama vifungo na matundu yake, na mdomo wake hauna likizo.

"Shona kazi yako," mama akamwambia. Lakini alikuwa anatabasamu, nilimwona.

Siku iliyofuata akaja shangazi kujaribu gauni. Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Jumamosi anamwoza binti yake, na kitambaa cha gauni alikifuata mbali, akautangazia ukoo mzima kwamba hakuna mwanamke mwingine atakayekuwa nacho. Cha zambarau. Chenye nyuzi za dhahabu. Wakati wa kukata, mama alimuuliza kuhusu mabaki, akasema ya nini, tupa.

Mi sikuwaza hata kidogo. Kiroba ni kiroba.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, gauni limejaa pini ubavuni, mkono mmoja wa gauni umeshashikizwa na mwingine uko mezani. Mama kapiga magoti, pini mdomoni, anarekebisha pindo. Shangazi akageuza shingo kujiangalia kwenye kioo, na kioo kikamwonyesha ukuta.

"Wifi. Kile ni nini?"

"Kipi, wifi?"

"Kile pale katikati ya matambara. Si gauni langu lile?"

Mama akageuka. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi. "Ni mabaki, wifi. Ulisema nitupe."

"Nilisema utupe, sikusema utundike! Watu wakalie kitambaa nilichokivaa mimi?" Akanyanyua mkono kuonyesha, pini ikamchoma. "Aaa! Nani kafanya huu upuuzi?"

"Mimi, shangazi," nikasema.

"Toa."

"Ni mtoto tu, wifi, atafumua," mama akasema harakaharaka, akiwa bado na pini mdomoni. Akaitoa ile foronya ukutani, akaniwekea magotini. Juu yake akaweka wembe.

Nikauangalia ule wembe. Kile kipande kiko katikati kabisa. Kukitoa lazima uanze na ukanda wa nje, uje wa pili, wa tatu, mpaka mwisho. Isingebaki foronya. Ingebaki kiroba.

"Hakitoki," nikasema. "Kikitoka kinatoka na vyote."

"Basi bandika kiraka juu yake," mama akasema, kwa sauti ya kuniomba. "Kiraka tu. Yaishe."

"Enhe, kiraka," shangazi akasema. "Cheusi."

Nilijua nikinyamaza, mkono wangu utafanya kama ulivyozoea. Nikachukua wembe nikaurudisha mezani.

"Hapana."

Dada Vifungo akaacha sindano hewani.

"Kumbe una mdomo!" shangazi akasema. "Miaka yote nadhani wamezaa bubu, kumbe anatunza matusi!"

"Sijakutukana, shangazi. Nisamehe, lakini sifumui. Sibandiki kiraka." Nikamgeukia mama. "Kila ulichoniambia nifumue nimefumua, kwa sababu kilikuwa kimekosewa. Hii nayo kama imekosewa, nitafumua sasa hivi. Nionyeshe ilipokosewa."

Mama akanitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Akatoa pini mdomoni. Akaichukua foronya, na nawaambia ukweli, aliitafutia kosa. Aliivuta pembe, akaikunja pembe kwa pembe kuona kama zinalingana, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaifuata mishono kwa ukucha. Alitaka alione. Lingemwokoa.

"Wifi, nasubiri," shangazi akasema.

"Haijakosewa," mama akasema.

"Sijauliza hivyo!"

"Yeye ndiye aliyeuliza. Na mimi kazi isiyo na kosa sijawahi kumfumulisha mtu." Akanirudishia foronya magotini. "Mabaki nilikuuliza, wifi, ukayakataa. Gauni ni lako. Hiyo ni yake."

"Nitamwambia mumeo!"

"Mwambie. Anarudi jioni."

Shangazi akashika njia kama alivyo, gauni na pini zake. Akafika mlangoni. Nje, watu waliokuwa wanapita wakageuka wote kumtazama: bega moja zambarau na dhahabu, bega la pili kamba ya sidiria. Akasimama. Dada Vifungo akainama ghafla kutafuta kifungo ambacho hakikuanguka.

Shangazi akarudi ndani taratibu, maana kwa haraka pini zingemmaliza.

"Huo mkono," akasema, anaangalia dari. "Unashonwa lini?"

"Ukivua, naushona sasa hivi," mama akasema.

Mi ndiye niliyemtoa pini. Sikumchoma hata mara moja. Alipomaliza kuvaa nguo zake akasimama mbele yangu, karibu, nikasikia harufu ya poda yake.

"Ijumaa nakuja kuchukua gauni langu. Hicho kitambara sitaki kukiona."

Kawaida yangu ningeangalia viatu. Vilikuwepo, vyangu na vyake.

"Utakiona, shangazi," nikamwambia. "Kitakuwa palepale."

Akageuka, akatoka. Mama akavuta kiti, akaweka mkono wa zambarau chini ya sindano, akakanyaga pedali.