Biubwa Alipomjibia Mwenzake

Biubwa wa Zinga na Katarina wa Mapinga walianza kucheza pamoja mpira wa meza kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka Biubwa. Alikuwa shoto, anapigia mkono wa kushoto. Wasichana wenzake waliokuja mazoezini kwenye ukumbi wa parokia, Bagamoyo mjini, walilalamika kwamba anawagonga, anawaziba njia. Mwalimu Tarcis, aliyewafundisha bure baada ya kazi, akamsimamisha Katarina ubavuni mwake. Katika mchezo wa wawili wawili, mmoja akishapiga, mpira unaofuata lazima apige mwenzake, asipompisha ni hasara yao wote. Wasichana hao wawili wakaanza kupishana. Mmoja akitoka, mwingine ameshaingia, hawagusani hata nguo. Mwalimu akabaki anacheka peke yake.

Bi Hajra, mama yake Biubwa, alimruhusu binti yake kwa sharti la suruali ndefu na mtandio kichwani. Mama yake Katarina hakuweka sharti, alitaka tu kujua kama huko mazoezini wanakula.

Miaka ikaenda. Katarina akawa msusi, akafungua kibanda chake Mapinga kando ya barabara kuu. Kina mama waliohamia kwenye viwanja vipya walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuwa na tabia ya kuvuta nywele mpaka mtu macho yamtoke. Biubwa alilima mihogo na wazazi wake, na akimaliza shamba humfuata mwenzake kibandani, akakaa kwenye benchi na mfuko wa vibao vya kuchezea miguuni, akisubiri kichwa cha mwisho kiishe waende mazoezini. Wateja walidhani ni ndugu.

Walipochaguliwa kwenda Michezo ya Afrika, Accra, kifundo cha mkono wa kulia wa Katarina kilikuwa kimeshaanza kuuma. Alikifunga bendeji, akamwambia Biubwa ni uchovu wa kusuka. Biubwa aliamini, au alitaka kuamini. Hata yeye asingeweza kusema ni lipi.

Mechi ya kwanza walishinda bila jasho. Lakini jioni ile, chumbani kwao katika kijiji cha wachezaji, Katarina alishindwa kufungua chupa ya maji. Kifundo kilikuwa kimevimba, kinawaka moto. Biubwa alikuwa anamkanda kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo mlango ulipogongwa.

"Shikamoo Mwalimu," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Hebu nione." Mwalimu Tarcis akachuchumaa mbele ya kitanda, akaushika ule mkono kama anayeshika yai. "Katarina, mwanangu, sikia. Kesho ni Wamoroko. Nikienda kuwaambia wasimamizi tumejitoa, hakuna atakayetucheka. Tutarudi nyumbani, utapumzika, utapona. Nikutoe?"

Katarina alimtazama Biubwa. Si jicho la kuomba, wala si la kukataa. Alimtazama tu, kama uwanjani anapotaka kujua mwenzake anaelekea upande gani.

"Anaweza," Biubwa akasema.

Mwalimu akageuka. "Nimemuuliza yeye."

"Anaweza, Mwalimu. Ukivimba hivi huwa unashuka asubuhi. Si ndiyo, Kata?"

"Ndiyo," Katarina akasema. "Naweza."

Mwalimu alisimama polepole akiwa ameshika kiuno. Akawatakia usiku mwema.

Siku iliyofuata waliwafunga Wamoroko. Walicheza mchezo ambao hawakuwahi kuucheza kabla na hawakuucheza tena. Biubwa alishambulia mapema ili mipira isiwe mirefu, na Katarina, aliyekuwa ametafuna vidonge viwili, alirudisha kila kitu kwa utulivu ulioanza kuwavuruga wapinzani. Mpira wa mwisho ulipogota wavuni upande wa pili, Biubwa alimkumbatia mwenzake kwa nguvu. Katarina alipiga ukelele. Watu walidhani ni furaha.

Robo fainali walikutana na Wanigeria. Katikati ya seti ya pili Katarina alijinyoosha kuupata mpira wa pembeni, akaupata, na kibao kikamponyoka kikaanguka chini. Aliinama kukiokota, vidole vikakataa kufumba. Akajaribu tena. Ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia mwanamke aliyechuchumaa sakafuni akisukumasukuma kibao kwa vidole. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Biubwa ndiye aliyekiokota, akabaki nacho mkononi hajui ampe nani.

Waliporudi nyumbani, ingawa walitolewa hapo, walipokewa kwa matarumbeta. Katarina alipunga mkono wa kushoto. Hospitalini Dar es Salaam daktari alisema mshipa wa upande wa dole gumba umechanika wote. Ungekuwa umepumzishwa mapema, pengine ungejishika wenyewe. Alipasuliwa, akashonwa, akafanyishwa mazoezi. Mkono ukarudi kwa kushika kijiko, kufagia, kumbeba mtoto wa dada yake. Nywele haukuziweza. Mistari miwili, mitatu, halafu dole linakufa ganzi.

Biubwa alikwenda kumwona mara nyingi mwanzoni, kila mara na kitu kwenye kikapu: mihogo, madafu, samaki wa kukaanga. Walizungumza habari za watu wengine. Baadaye akaitwa tena kambini kwenye timu ya taifa, safari hii apangwe na Jasmin, msichana wa Dar. Akaona hawezi kwenda kabla hajasema lililomkaa rohoni.

Alimkuta Katarina kibandani. Alikuwa amekaa kwenye benchi, akimwelekeza Dija, binti aliyemwajiri, jinsi ya kugawa nywele za mteja. Biubwa akasubiri mpaka mteja alipoondoka na Dija akaenda kuchota maji.

"Kata, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Unajua. Mwalimu alipokuuliza wewe, nikajibu mimi."

Katarina alichukua chanuo, akaanza kutoa nywele zilizokwama kwenye meno yake.

"Ningesema ndiyo," akasema. "Nimeifikiria sana. Ungenyamaza, ningesema ndiyo vilevile. Niliitaka ile mechi kuliko ulivyoitaka wewe."

Biubwa alishusha pumzi. "Kwa hiyo hunilaumu?"

"Ngoja nimalize. Ningesema mwenyewe, leo ningekuwa nimejiponza mwenyewe. Ningekaa hapa nikautazama mkono wangu, nikasema, mjinga wewe, umeyataka. Ningezoea. Lakini hukuniachia hata hilo. Kila nikitaka kujilaumu, naisikia sauti yako."

Biubwa alilia. Katarina alimwacha alie. Hakumgusa wala hakumfukuza.

"Siendi kambini," Biubwa akasema. "Nitamwambia Mwalimu atafute mwingine."

"Nenda. Usinitwishe na hilo tena, watu waseme umeacha kwa sababu yangu. Ila usiniombe nije kutazama."

Biubwa alikwenda. Yeye na Jasmin wanaelewana, wanashinda wanapotakiwa kushinda, na Mwalimu Tarcis huwasifia. Lakini uwanjani Biubwa amekuwa mzito wa kuongea. Jasmin akimuuliza waanzishe vipi, humjibu, "Sema wewe," mpaka Jasmin hukasirika.

Yeye na Katarina hukutana kwenye harusi na misiba, kama watu wa barabara moja. Husalimiana vizuri. Huulizana hali za nyumbani, mama mzima, shamba limetoa nini mwaka huu. Halafu maneno huisha, na kila mmoja hutafuta pa kukaa.