Shahidi wa Usingizi wa Kirimi

Mimi si mwongo. Waulizeni hata wazee ninaowaogesha kwenye makao yao hapa Toronto: nikiona kidonda nasema ni kidonda. Lakini ile barua niliiandika mimi, na mwandiko ni wangu, siwezi kuukana.

Mume wangu Kirimi alikuwa mwanajeshi wa Kanada. Alipelekwa Afghanistan kuendesha malori, lori lake likalipuliwa, akarudi na pua iliyovunjika na kifua kisichotulia. Tangu hapo akilala pumzi humkatika. Anakoroma, ananyamaza kimya kabisa, halafu anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini. Ugonjwa wenyewe ulikuja kupewa jina miaka kumi baadaye, aliposinzia kwenye usukani wa basi la abiria. Alipewa mashine ya kupumulia, barakoa yenye mpira mrefu, ambayo anaing'oa bila kujua akiwa usingizini. Leseni ikachukuliwa. Alipodai malipo ya ulemavu, akaambiwa kwamba hakuna ushahidi kuwa ugonjwa ulitokana na vita. Ungekuwa umeanza huko, ungeandikwa.

Ungeandikwa na nani? Kirimi ni Mmeru wa kusema "sijambo" huku anavuja damu. Kila daktari wa jeshi aliyemuuliza analalaje alijibiwa, "Vizuri, asante." Wacha wee! Mficha maradhi kilio humfichua, nilimwambia, naye akacheka tu.

Tukakata rufaa. Tukapewa wakili, binti mmoja mpole aitwaye Naheed. Akaja kwetu Kingsview Village, ghorofa ya kumi na mbili, akafungua faili mezani.

"Kuna barua moja inatuumiza," akasema, akamsomea Kirimi.

Ilikuwa yangu. Mara ya kwanza walipotaka maelezo ya mke, niliulizwa dalili zilianza lini. Nikaandika: "Hakuna dalili. Mume wangu ni mzima kwa jina la Yesu. Analala kama mtoto mchanga." Asumpta, kiongozi wetu wa kina mama kanisani, ndiye aliyenishauri. Kwetu ugonjwa haukiriwi, ukiutaja umeukaribisha. Mtu yeyote wa kanisa letu angeisoma ile barua angejua ni maombi. Wale wa ofisini waliisoma kama cheti cha daktari.

Kirimi akanitazama. "Mama Wayne, ni wewe uliandika hivi?"

"Niliandika kwa imani."

"Imani gani hiyo ya kuninyima haki yangu?"

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Nikamfokea kwamba yeye ndiye aliyeanza kuwaficha madaktari, mimi nilifuata nyayo zake tu. Naheed akangoja tumalize. Kisha akaeleza kwamba hakuna rekodi, wala askari mwenzake anayekumbuka chochote. Bodi ya rufaa ilihitaji mtu wa kusema, bila kubabaika, kwamba ugonjwa ulianza mara tu Kirimi aliporudi. Mtu huyo ni mke. Tukishindwa safari hii, hatuna mlango mwingine wa kubisha.

"Unakumbuka siku yoyote?" akaniuliza. "Tarehe ingetusaidia sana."

"Sikumbuki."

Huo sasa ndio ulikuwa uongo. Tarehe nilikuwa nayo miaka yote hiyo, na nilikuwa nimeapa nitazikwa nayo.

Siku ya rufaa tuliketi mbele ya kompyuta saa nne asubuhi. Wanabodi wawili walikuwa kwenye skrini. Kirimi alivaa koti lenye nishani, shati limembana shingo. Akaulizwa hali ya usingizi wake, naye akaanza, "Si mbaya sana, namshukuru Mungu..." Naheed akafumba macho. Jamani, mtu anajizamisha kwa adabu, mbele ya macho yangu!

Mwanabodi mmoja, mama mwenye mvi, akanigeukia. "Bi Nyaboke, uliandika kwamba mumeo analala kama mtoto. Leo wakili wako anasema haikuwa hivyo. Tuamini lipi?"

"La leo."

"Kwa nini?"

Nilimwangalia Kirimi, ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Nikaona nikinyamaza, amekwisha.

"Ilikuwa Ijumaa, tarehe nne Juni, mwaka elfu mbili na kumi," nikasema. "Siku ya nne tangu arudi. Naijua kwa sababu siku hiyo mama yangu alizikwa kule Nyamira, na mimi sikwenda. Nilibaki nimpokee mume wangu. Mazishi niliyasikilizia kwenye simu, nimesimama jikoni. Yeye alikula, hakuniambia hata pole, akaenda kulala."

"Endelea."

"Nikalala kando yake. Nilikuwa nimemchukia. Akakoroma, kisha pumzi ikakatika. Nikangoja irudi, haikurudi. Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa. Najua mtu anayekufa ananyamaza vipi, na najua la kufanya. Sikumgusa. Niligeukia ukuta, nikasema moyoni, basi, aende. Akaja akashtuka mwenyewe. Tangu siku hiyo namwamsha kila usiku, hata mara ishirini. Lakini ile ya kwanza nilimwacha. Ndiyo maana niliandika hakuna dalili. Sikutaka mtu aniulize zilianza lini."

Yule mama mwenye mvi aliandika kwa muda mrefu, kisha akanishukuru. Baadaye Naheed alinipigia simu kusema nimefanya vizuri mno, kwamba jambo kama lile hakuna mtu anayejitungia.

Kirimi alivua koti, akalitundika, akahamishia mashine na mto wake sebuleni. Niliomba msamaha jikoni, akasema, "Sawa." Nikaomba tena kwa ujumbe wa simu, mimi chumbani, yeye kwenye kochi. Akajibu, "Sawa." Usiku nilikuwa nalala nimeacha mlango wazi, natega sikio.

Barua ya bodi ilifika baada ya wiki sita. Tumeshinda! Ugonjwa umetambuliwa kuwa wa vita. Nilimkuta Kirimi ameishika, nikapiga vigelegele hapo hapo mlangoni na viatu vyangu vya kazini, peke yangu. Akaninyooshea ukurasa wa pili, kidole chake kikionyesha mstari mmoja. Bodi ilikuwa imeandika kwamba mke wa mwombaji ni shahidi wa kuaminika, na kwamba haina shaka na lolote alilolisema.

"Hata mimi sina," Kirimi akasema.