Fyodi Haiingii Kichwa Kilichojaa

Usiku wa jana niliota tuko Norwe, mimi na mume wangu, tunatalii kwa gari la kukodi. Mbaraka ndiye aliyeshika usukani. Maishani mwake hajawahi kuendesha chochote kinachozidi baiskeli, lakini ndotoni hakuna trafiki wa kumwuliza leseni, basi nikafunga mkanda.

Niseme kwanza kuhusu Mbaraka. Alifundisha jiografia sekondari, hapahapa Muheza, mpaka akastaafu. Kila mwaka aliwachorea wanafunzi fyodi ubaoni, yaani ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya milima mirefu, na kila mwaka alirudi nyumbani akisema, "Iko siku nitaiona kwa macho yangu." Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Juzi nilikuta viatu vyake kwenye friji. Daktari ametuambia hautapona, utazidi tu.

"Mama Sabra," anasema Mbaraka, "tazama theluji ile."

Ndotoni alikuwa akiniita Mama Sabra, nami nilikuwa naitika bila kuuliza.

Barabara inapanda. Wenyeji wanaendesha upande wa kulia, Mbaraka yuko kushoto kama nyumbani, na magari yanayokuja yanakwea ubavuni mwa mlima kutupisha. Gari letu linaelekeza njia kwa sauti ya shangazi aliyechoka.

"Mbele kuna mlima," linasema. "Baada ya huo kuna mwingine. Poleni."

Tunafika kwenye maporomoko ya maji. Pale pa kuegesha amesimama kondoo aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, kama wale wanaotengeneza barabara, na mizani imening'inia shingoni.

"Karibuni," anasema. "Utaratibu mnaujua? Kichwa hakiongezwi ukubwa. Mtu akiingiza mandhari, anatoa kitu cha ukubwa uleule."

"Kitu gani?" nauliza.

"Chochote kilichomo. Na huyu bwana ameshatazama."

Kweli ameshatazama. Maji yanamwingia machoni kwa kishindo, na upande wa sikio kondoo anachomoa shule nzima, pamoja na madawati, kengele na mkuu wa shule, anaiweka kwenye nyasi. Mkuu wa shule anatusalimia.

"Baba Sabra, ile si shule yako?" namwambia.

"Shule gani?" Uso umemchangamka kama siku za zamani. "Umeyaona maji yale, Mama Sabra?"

Sikugomba. Shule ilikwisha kuanza kumtoka tangu alipoanza kuugua.

Kwenye ziwa la barafu inatoka harusi yetu. Naiona ikipita kwenye sikio lake: mkeka, masinia ya pilau, mimi mwenyewe na hina mikononi, nimeinamisha uso. Kondoo, yuleyule wa maporomoko, ananichomoa kwa kunishika kiuno asije akaniangusha. Nalipigia gari kelele ligeuze turudi.

"Hakuna pa kugeuzia," linasema gari. "Barabara hii ni ya watalii."

Namfunika Mbaraka macho kwa kanga yangu. Anaishusha taratibu, kama anavyoushusha mkono wangu siku hizi nikitaka kumfuta uji mdomoni.

"Niache nione, mama. Nimengoja sana."

Nikamwacha. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kufumba na kufumbua tuko sebuleni kwetu Muheza, ila kochi liko ukingoni mwa jabali, na pale ilipokuwa televisheni sasa ipo fyodi. Maji ya kijani, milima imesimama huku na huku, feri inapita polepole kuelekea jikoni. Mbaraka amesimama mbele yake, amefumba macho, analia.

"Ni yenyewe," anasema. "Naisikia harufu."

Kondoo anafungua kichwa cha mume wangu kama kabati, anachungulia ndani.

"Hii ni kubwa," anasema. "Na humu vimebaki viwili tu. Kuna mwanamke mwenye kanga, na kuna mtoto mwenye ndala za njano. Fyodi itataka vyote viwili."

Nakumbuka nilipiga ukelele alipomtaja mtoto. Sijui kwa nini. Mwanamke ni mimi, hilo nilielewa. Kila asubuhi naamka na hofu hiyohiyo, kwamba leo ndiyo siku atakayoniuliza mimi ni nani.

"Hata mimi nina kichwa," nikamwambia kondoo. "Chukua kwangu."

"Kwa mtu na mkewe inaruhusiwa. Lakini kiwe kizito. Fyodi si mchezo."

"Chukua kinachozidi vyote."

Akatia mguu sikioni kwangu, akapekua. Nikasikia anavuta kitu kilichokuwa chini kabisa. Kilitoka kimefungwa kwenye kanga iliyolowa. Akakiweka kwenye mizani, na mizani ikadidimia ardhini pamoja na kondoo mwenyewe mpaka magotini.

"Una hakika?" akauliza. "Hiki umekaa nacho miaka mingi."

Kilikuwa nini, siwezi kukueleza. Nakumbuka tu kwamba mikono yangu haikutaka kukiachia, na kondoo alilazimika kuibandua kidole kimoja kimoja.

"Nina hakika," nikasema. "Baba Sabra, fumbua macho."

Akafumbua.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na Mbaraka hakuwa kitandani. Nikatoka mbio, maana akinitangulia kuamka hufungua geti akapotea. Nikamkuta sebuleni, kwenye kochi, anafuta kitu kwa kitambaa.

"Umeamka, Mama Sabra," akasema. "Yale maji kumbe ni ya kijani. Miaka yote nimeyachora kwa chaki ya buluu."

Furaha iliyonipata haisemeki. Ananijua! Nikakaa karibu naye, nikamwegemea begani. Ndipo nikaona anachofuta. Ndala za mtoto, za njano, mkanda wa moja umeshonwa kwa uzi mweusi. Ule mshono ni wangu, naujua kama ninavyoujua mkono wangu. Juu ya rafu ya televisheni palikuwa na alama mbili ndogo zisizo na vumbi, mahali zilipokuwa zimekaa.

"Za nani hizi?" nikauliza.

Mbaraka akanitazama. Alinitazama vile ambavyo mimi nimekuwa nikimtazama yeye mwaka mzima. Kisha akanishika mkono, akanieleza polepole, kama ninavyomweleza yeye mambo yake: kwamba Sabra alikuwa binti yetu, wa pekee, kwamba homa ilimchukua kabla hajaanza shule, na kwamba alikata roho mikononi mwangu.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilitafuta chozi, sikulipata.

"Pole sana," nikamwambia.