Mkono wa Tatu wa Mfalme

Kitendawili! Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, natembea tangu babu yako hajazaliwa na bado sijafika. Umeshindwa? Nipe mji basi, nikwambie: ni mfalme aliyechongwa ukutani mwa hekalu.

Mfalme wa hadithi hii yuko Thebe, mji wa mafarao, na siku hiyo Ipui, msimamizi wa wachongaji, alimtazama akashika kichwa. Mfalme alikuwa na mikono mitatu.

"Ami Hui! Hebu shuka!"

Mzee Hui akashuka ngazi polepole, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Ndiye aliyemfundisha Ipui kushika patasi.

"Ami, mchoraji kachora mkono kwa wino mwekundu. Mkuu wake kasahihisha kwa mweusi. Mwekundu unaachwa, mweusi unachongwa. Hata punda wa maji anajua! Wewe umechonga mistari yote miwili. Kwa nini?"

"Patasi yenyewe butu."

"Butu ndiyo iote mkono?"

"Sasa wewe, si mfalme anampelekea mungu Amuni mikate? Kwa mikono mitatu atabeba mingi."

Wachongaji wakaangua kicheko. Ipui hakucheka. Kesho kuhani angekuja kukagua, na mchongaji mzembe hufukuzwa hekaluni. Mzee Hui hakujua kazi nyingine duniani.

"Kesho nikutetee kwa lipi? Ulilewa? Ulisinzia? Ami, nakuuliza, kwa nini?"

"Una kelele wewe, kama mama yako."

Ipui akasonya. Akakanda chokaa mwenyewe, akauziba ule mkono huku akinung'unika: mzee gani huyu, ukimuuliza la leo anakujibu la mwaka juzi! Kisha akaona mstari mweusi wa bega nao umefunikwa na chokaa. Ilibidi auchore upya.

"Nipe wino mweusi hapo, ami."

Vibakuli viwili vilikuwa miguuni pa mzee. Akainama. Akanusa kimoja, akanusa cha pili, akarudia cha kwanza. Akamnyooshea Ipui chenye wino mwekundu.

Ipui hakukipokea. Aliwatazama wenzake, akawafukuza kwa mkono waende wakanywe bia yao. Walipotoka, akakaa chini karibu na mzee.

"Ami," akasema taratibu. "Kwa nini?"

Mzee Hui akajifuta vumbi machoni, ingawa halikuwa vumbi.

"Mistari yote naiona rangi moja, mwanangu. Tangu mafuriko ya mto ya mwaka jana."