Bati Linalosema

Keziya alikuwa amechutama katikati ya migomba, ndoo yake ya bati miguuni, akisikiliza maji. Bomba lilikuwa ng'ambo tu ya njia, likidondosha tone moja moja, kama mtu anayemwita mwenzake kwa kubembeleza. Lakini kando ya bomba palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikaa baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa wa Talatala, mke hamtazami baba wa mume wake. Hapiti mbele yake, hasemi naye, wala jina lake halitamki. Wakigongana njiani, mwanamke hujitupa majanini na kujifunika khanga mpaka mzee apite. Ndiyo heshima, na Keziya hakuwa na ugomvi nayo. Tangu aolewe, alimjua mkwe wake, Mzee Hezroni, kwa kikohozi tu. Kikohozi cha asubuhi, kikohozi cha hasira, kikohozi cha kushiba, vyote alivijua. Uso hakuujua.

"Bado yupo?" Tukuswiga, jirani yake, alinong'ona nyuma ya mgomba.

"Yupo. Na mkweo naye ndiye huyo anakuja na kigoda chake."

"Haya, twende zetu kwa mamba, mwenzangu. Yeye hana mkwe."

Wakashuka mtoni wakizuia kicheko, Tukuswiga akichechemea. Masika iliyopita mamba alimshika shavu la mguu akiwa anachota. Wanawake walimpiga mnyama kwa ndoo mpaka akaachia. Kovu lilikuwa limekauka. Mamba alikuwa bado yupo.

Bomba lile lililetwa kwa fedha za maendeleo za mkoa, zilizotengwa kwa watu wa vijijini ambao kila mara huachwa nyuma. Wazee wa kijiji walikaa wakachagua mahali. Mzee Hezroni, mwenyekiti wao, kwa moyo mweupe kabisa aling'oa mikokoa yake mbele ya nyumba ili atoe kiwanja. Hakuna aliyekumbuka kwamba wachotaji karibu wote pale kijijini ni wakamwana wa watu. Na maji yalipotoka, wazee waliyapenda mno. Wakahamishia vigoda vyao pale, wakawa wanayatazama mchana kutwa kama watu waliofikiwa na mgeni.

Siku hiyo hiyo waliyokimbilia mtoni, bibi maendeleo alifika kutoka mkoani. Jina lake Mwanaisha, mtu wa Tanga, na alikuwa mwepesi wa kuuliza. Zaidi ya wazee na vigoda vyao, alikuta bombani bibi vikongwe wawili na wasichana wasioolewa. Akashangaa, akafuata njia iliyokanyagwa sana, ikamfikisha mtoni. Akavua viatu, akaketi juu ya jiwe kati ya wanawake.

"Dada zangu, maji safi yako juu kule. Huku mnafuata nini?"

"Tunafuata mamba," alisema Tukuswiga. Wote wakacheka.

"Bombani wamekaa wakwe," Keziya akamweleza.

"Si muwaamkie, mpite?"

Hapo kicheko kilizidi, hata ndoo ya mtu ikateleza ikachukuliwa na maji. Mwanaisha naye akacheka bila kujua anacheka nini, kisha akataka aelezwe taratibu, mwanzo hadi mwisho. Alipoelewa aliacha kucheka.

"Kuna fedha za bomba la pili," alisema. "Lakini nikirudi na habari kwamba hata la kwanza halina wachotaji, zitakwenda kijiji kingine. Kesho kuna mkutano. Njooni mseme wenyewe."

"Mbele ya wakwe?"

"Basi nisaidieni. Hakuna namna mtu akasikika bila kuonekana?"

Wanawake wakatazamana. Keziya akaukumbuka ukuta wa bati wa ghala la ushirika. Hadi juzijuzi mavuno yote ya mpunga yaliingia mle. Siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu. Wafanyabiashara huleta malori yao hadi pembeni mwa majaruba, na ghala limebaki na popo.

Kesho yake wazee walikaa nje, kivulini mwa ghala. Wanawake walikuwa wameingia mapema kwa mlango wa nyuma, wakabanana gizani upande wa pili wa bati. Mwanaisha akauliza kwa nini bomba halina watu. Wazee wakasema wanawake wa siku hizi ni wavivu, hawapendi hata maji.

Keziya aliweka kiganja ukutani. Bati lilikuwa vuguvugu.

"Bomba ni zuri," alisema. "Tunalisikia tukiwa migombani. Lakini limewekwa machoni pa baba zetu."

Nje mikeka ikachakarika.

"Nani huyo?" aliuliza mzee mmoja.

"Ni bati," alijibu Mwanaisha, uso mkavu.

Mzee Ezra, mkwe wa Tukuswiga, alipiga goti lake. "Jamani! Tumelipigilia misumari miaka yote, kumbe lina mdomo!"

Kisha Keziya akasikia kikohozi. Hiki hakikuwa miongoni mwa vile alivyovijua.

"Mwambieni bati," ilisema sauti ya Mzee Hezroni, "kwamba mimi niling'oa kokoa yangu. Kokoa iliyokuwa inazaa."

"Bati linashukuru sana, baba. Ndaga fijo, tata. Lakini mtoni kuna mamba, na bati haliwezi kupita mbele ya kigoda."

"Liulizeni, siku ile ya kuchagua mahali lilikuwa wapi? Mbona halikusema?"

Keziya alisogeza mdomo karibu na bati. Nyuma yake Tukuswiga alimshika kiuno.

"Siku ile ghala lilikuwa bado na magunia, tata. Hapakuwa na pa kusimama."

Mkutano uliisha bila uamuzi. Wazee walikunja mikeka yao wakinung'unika kuhusu dunia. Mwanaisha aliwaaga akisema atarudi wiki ijayo kutazama bomba, na atakachokikuta ndicho atakachokipeleka mkoani.

Asubuhi iliyofuata Keziya alichutama tena migombani. Usiku hakulala vizuri. Alijiuliza kama amevunja kitu kisichoungika. Tukuswiga hakutokea. Maji yalidondoka. Kigoda kilikuwepo, na mzee alikuwa juu yake, peke yake.

Lakini kigoda kilikuwa kimegeuzwa. Mzee Hezroni alikuwa ameligeuzia bomba mgongo, ameelekea kwenye mashina ya mikokoa aliyoing'oa, yaliyorundikwa kando, kana kwamba huko ndiko kwenye maji.

Keziya alijifunika khanga hadi kwenye nyusi. Akavuka njia kwa ncha za vidole. Akafungua bomba, na huku ndoo ikijaa akachungulia kidogo tu, pembeni mwa khanga. Koti la mzee lilikuwa limeshonwa begani kwa uzi wa rangi nyingine. Masikio yake yalikuwa makubwa, kama ya mumewe Keziya.

Masikio yale yakasogea.

"Nauliza tu," mzee aliyaambia mashina ya mikokoa, "hayo maji ya asubuhi, ni ya baridi?"

Keziya alifunga bomba. Kisha akaigonga ndoo ya bati kwa kifundo cha kidole, mara moja, kama bati linalojibu. Mlio ulipita juu ya migomba, taratibu, ukaelekea mtoni. Mzee aliinua kichwa, akausikiliza mpaka ulipokwisha, na huko chini njiani ndoo nyingine ikaitikia.