Mizani ya Mama Haisomi

Kazini walimwita Zimawasha, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Lilitokana na ushauri wake wa kwanza kwa kila aliyepiga simu: zima, subiri kidogo, halafu washa. Alikaa kwenye chumba kirefu chenye meza zilizotenganishwa kwa mbao, hedifoni kichwani, akiwahudumia watu ambao saa zao za mazoezi na mizani zao za bafuni zimegoma kutuma taarifa kwenye simu. Wengine walipiga wakifoka kana kwamba yeye ndiye aliyeingia nyumbani kwao kukata waya. Aliwaacha wamalize, kisha akawauliza kwa sauti ya uji wa vuguvugu, "Waifai yako inawaka taa gani?"

Wiki ile bwana mmoja alilalamika kwamba kilo zake zinaingia kwenye ukurasa wa mama mkwe. Ofisi nzima ilicheka. Zimawasha alimweleza bila kucheka kwamba mizani hizi hazijui sura wala jina. Zinamkumbuka mtu kwa uzito wake wa mwisho, na anayekaribiana naye uzito huandikwa kwake. "Kwa hiyo mimi na mama mkwe ni sawasawa?" bwana akauliza. "Kwa mizani, ndiyo," akamjibu, akapokea simu nyingine.

Tangu baba yake afariki, sauti ile ya uji wa vuguvugu haikumwacha hata nje ya kazi. Mazikoni hakulia, na baadaye hakulia. Watu walimsifu kwamba amejikaza, naye aliona ni sifa ya bure, maana kujikaza kunataka nguvu na yeye hakutumia nguvu yoyote. Alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukaingia ganzi: upo, unaonekana, ukiubonyeza hausemi kitu. Simu ilipozidi kulia kwa salamu za pole alizima milio na taarifa za kila programu, akaziacha hivyo.

Mama yake alibaki peke yake katika mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi. Zimawasha alimnunulia mizani enzi za uhai wa baba, daktari alipomwambia mama apunguze mwili kwa sababu ya presha. Siku ya kuiunganisha alipanda yeye kwanza kuijaribu, ikamfungulia ukurasa wake. Kisha akapanda mama, ikamfungulia wa kwake. Baba alikataa katakata. Alisimama mlangoni akiwacheka, mama mtu mzima mwenye mwili wake na binti mwembamba kama ufagio. "Mngegawana," alisema, "mngetoka watu wawili wa maana."

Siku za msiba nyumba ilijaa watu. Mizani ikasukumwa chini ya kitanda, betri zikatolewa zikatiwa kwenye tochi, na hakuna aliyeikumbuka kwa miezi. Aliyeikumbuka ni kaka mtu, anayefanya kazi ng'ambo na kuwahangaikia wenzake kwa simu.

"Shangazi anasema mama amekonda," alisema. "Mrudishe kwenye mizani. Kilo zikishuka tunamhamishia kwako, atake asitake."

Mama alikwisha sema kwamba nyumba ile hatoki, labda wambebe pamoja na mlango. Kumtoa kwa nguvu ni kumvunja, na kumwacha akiwa anaisha ni kumzika mtu wa pili. Zimawasha hakutaka kuamua. Alitaka namba itokee kwenye simu iamue kwa niaba yake. Basi mama akatia betri mpya, akaahidi kupanda kila asubuhi, na ukurasa wake ukabaki bila namba mpya hata moja.

"Mama, umepanda leo?"

"Nimepanda."

"Kwangu haijasoma."

"Sasa mimi nifanyeje, nirukeruke?"

"Ilionesha kilo ngapi?"

"Nitajuaje? Bila miwani sioni, na nikienda kuifuata miwani nikirudi imeshazima."

"Waifai inawaka taa gani?"

"Kijani. Jana umeniuliza, juzi umeniuliza. Mimi ni mteja wako?"

Ilikuwa simu ya video, na kama kawaida ya mama ilionesha dari na nusu ya paji la uso. Zimawasha aliitazama dari. Palikuwa na buibui pembeni.

"Umekula?"

"Nimepika, mwanangu."

"Haya."

Ndiyo kazi yake hiyo, kusikiliza watu. Mteja angemjibu hivyo angemkamata hapo hapo: nimeuliza kama umewasha, unaniambia umenunua. Lakini mganga hajigangi. Jibu la mama liliingia sikio hili likatokea lile, siku baada ya siku.

"Anatudanganya," kaka akasema. "Hapandi kabisa." Zimawasha alidhani hivyo pia, na hata kuudhika hakuudhika. Aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mama alicheka kidogo, akamvuta kifuani. Gauni lilikuwa lile la miaka yote, ila sasa lilimning'inia kama lililoazimwa kwa jirani. Chini ya viganja vyake Zimawasha aligusa mifupa ya mabega, mmoja huku na mmoja huku. Aliiona, aliigusa, na habari hiyo haikufika popote.

"Ruta iko wapi?" aliuliza.

Mama alimwangalia kidogo. "Kabatini," akasema. "Hujakaa hata kitako?"

Ruta, kile kisanduku cha waifai, ilikuwa kabatini kweli, nyuma ya sinia la bati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Baba hakupenda kuona nyaya. Zimawasha alihisi nafuu, kwa sababu kosa hili alilijua: bati mbele, kitambaa juu, milango imefungwa, mawimbi yatapita wapi? Akaitoa, akaiweka juu ya meza, akazima, akasubiri, akawasha, kisha wakaenda bafuni kwenye mizani.

"Panda, mama."

Mama akapanda, mkono ukutani. Ukurasa wa mama, hakuna kipya. Zimawasha akabadilisha betri. Akaandika upya neno la siri la waifai. "Panda tena." Mama akavua kandambili, akapanda, akashuka, akasimama kando kusubiri amri nyingine, kama mtoto anayepimwa sare. Hakuna. Tatizo halikuwa waifai. Mizani ilipiga mlio wake mdogo wa kutuma kila mara, na mlio huo haupigi kama hakuna pa kutuma.

Mlio ule ndio uliomrudishia yule bwana na mama mkwe wake.

Alibonyeza picha yake mwenyewe kwenye kona ya programu. Ukurasa wake hakuwa ameufungua tangu siku ile baba alipowacheka. Kwa nini aufungue, na mizani iko mji mwingine? Ulitakiwa uwe na namba moja tu, ya majaribio. Ulikuwa umejaa. Kila asubuhi namba, na mbili za mwisho ni za sasa hivi. Ya kwanza baada ya msiba ilikuwa karibu kabisa na uzito wake, ndiyo maana mizani ilimwandikia yeye. Zilizofuata ziliteremka, taratibu, pasipo kupanda hata siku moja. Kama ya leo ingekuwa ya Zimawasha mwenyewe, wangemlaza hospitali.

Mama alikuwa amepanda kila asubuhi. Hakudanganya hata siku moja. Kila asubuhi alimtumia binti yake habari, nazo zilifika, zikakaa mahali pekee ambapo binti hakutazama.

"Inasoma, mama," alisema.

"Si nilikwambia?"

"Ilikuwa inasoma siku zote. Ilidhani ni mimi."

"Mimi na wewe wapi na wapi?" Mama alitaka kucheka, kisha akaangalia gauni lake, akalikamata kiunoni, ngumi nzima ya kitambaa ikajaa mkononi. Kicheko hakikuja. "Nimekwisha hivi?" aliuliza.

Hapo ganzi ikamtoka Zimawasha, na haikutoka kwa upole. Ilitoka kama mguu unavyorudiwa na damu, kwa sindano. Aliogopa. Aliona uchungu wa kufiwa na baba na hofu ya kumpoteza mama vikimjia kwa pamoja, na aibu ya kuja safari nzima kuangalia taa za kisanduku. Alikaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea.

"Mama, umekula leo?"

"Nimepi—"

"Sijauliza kama umepika."

Mama aliliachia gauni. "Napika," akasema. "Napakua, nakaa mezani. Baba yako lazima angeonja kwanza, aseme chumvi imezidi. Namkatalia, ananibishia, ndiyo tunakula. Miaka yote ile. Sasa nikikaa namsubiri aseme. Najua hayupo, sijapata wazimu. Lakini mkono hauendi."

Zimawasha alifuta uso kwa kiganja, akaenda jikoni. Maharage na viazi vilikuwa kwenye sufuria, vimeiva vizuri, bado vya moto. Akapakua sahani moja, akaiweka katikati ya meza, vijiko viwili. Mama akaketi mahali pake. Binti akaketi mahali pa baba.

Akaonja. Machozi yalikuwa yanashuka tu, hakujishughulisha nayo.

"Chumvi imezidi," alisema.

Mama alimkazia macho. "Imezidi wapi?"

"Imezidi, mama. Hiki ni chakula au bahari?"

"Usinivunjie heshima ndani ya nyumba yangu." Mama akanyakua kijiko, akaonja, akatafuna, akaacha kutafuna. Akaonja tena. "Mwongo mkubwa wewe. Hakina hata chembe." Akainuka, akaleta kopo la chumvi, akanyunyiza, akakoroga upande wake, akaonja mara ya tatu. "Kaka yako umwambie sihami," alisema, mdomo umejaa.

"Nitamwambia nahamia huku mimi. Hedifoni zinafanya kazi popote penye waifai."

"Waifai ipo."

"Ipo. Ila sasa chumvi ndiyo imezidi kweli."

"Wewe hata kupika hujui," mama akasema, akachota tena ili amwoneshe.